Kwa mwamuzi mpya wa Tanga: VAR inapookoa na inapoharibu

Karibu kila anayeanza kozi ya sheria 17 za soka hapa Tanga ameifahamu VAR akiwa kibanda umiza. Ameona mistari ya rangi ikichorwa juu ya mabega ya watu, ameona mwamuzi akichora boksi hewani, amesikia banda zima likilipuka. Kisha anapangiwa mechi ya vijana Makorora au Pongwe, na anaingia uwanjani na tabia tatu mbovu alizookota kwenye skrini. Tutazifikia. Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanakilaumu kwa kazi ambayo hakijapewa.

VAR, kifupi cha Kiingereza cha mwamuzi msaidizi wa video, ni mtu. Ni mwamuzi aliyekaa mbele ya skrini, ana msaidizi wake au wasaidizi, na pembeni yuko fundi wa marudio ambaye si mwamuzi na hana sauti kwenye uamuzi. Kwa hiyo ule msemo wa mtaani kwamba "VAR imekataa goli" si sahihi. Chumba cha VAR kinashauri, mwamuzi wa kati anaamua. Akienda kwenye skrini akabaki na uamuzi wake wa mwanzo, hakuna wa kumzuia.

Kwa itifaki ambayo IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, iliipitisha Machi 2018, milango ya kuingilia ilikuwa minne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi aliyopewa mtu asiyehusika. Faulo ya katikati ya uwanja haimo. Ukisikia mtu analalamika kwamba VAR "ilinyamaza" kwenye mpira wa kurusha, jua anadai huduma isiyouzwa dukani hapo.

Sasa shika hili vizuri, kwa sababu ndiyo chanzo cha nusu ya hasira zote. Swali la chumba si "je, uamuzi huu ni sahihi?" Swali ni "je, huu ni kosa la wazi?" Beki na mshambuliaji wamegongana mabega ndani ya boksi la penalti. Wa kati akipeta, yaani akiacha mchezo uendelee, chumba kinaacha. Tukio lilelile, wa kati akiweka penalti, chumba kinaweza kuacha vilevile, kwa sababu pande zote mbili zina hoja. Mshabiki anayeona matukio mawili yanayofanana yakiisha tofauti atasema ni upendeleo. Wewe mwenye filimbi ujue kwamba uzito wote uko kwenye uamuzi wa kwanza, ule wa uwanjani. Ndiyo maana itifaki inamlazimisha wa kati aamue kwanza. Hana ruhusa ya kusema "sijaona, niangalizieni."

Mtiririko wake ni huu. Wa kati anaamua na kutamka kwenye redio alichokiona. Chumba kinaangalia kimyakimya, na mara nyingi hakuna anayejua kwamba kimeangalia. Kama kuna shaka, wa kati anaweka kidole sikioni na kunyoosha mkono mwingine, mpira hauanzishwi. Kama mpira bado unachezwa, anasubiri ufike sehemu ambayo hakuna timu inayokaribia kufunga, ndipo anasimamisha. Anachora boksi hewani, ishara ya video. Jambo la kupimika, kama kuotea, mpira kutoka nje, au faulo ilikuwa ndani au nje ya boksi la penalti, linaweza kumalizwa kwa redio tu. Jambo la hukumu, kama nguvu ya rafu au kunawa, anaenda mwenyewe kwenye skrini ya pembeni. Kisha anachora tena na kutangaza.

Kwenye skrini kuna mtego wa mwendo wa polepole. Itifaki inataka marudio ya polepole yatumike kuonyesha mahali: mguu uligusa wapi, mkono uligusa mpira au la. Nguvu ya rafu, na kama ule mkono ni kosa, viangaliwe kwa kasi ya kawaida. Sababu yake utaiona ukijaribu kwenye simu yako. Punguza kasi ya rafu yoyote na kila beki ataonekana kama alipanga kuua, kwa sababu muda wa kufikiri ambao hakuwa nao uwanjani unamwongezea wewe.

Faida zake ni kubwa pale penye makosa makubwa, na tusizidharau kwa sababu ya kelele za kijiweni. Mkono wa Thierry Henry wa Ufaransa uliogusa mpira dhidi ya Ireland, Novemba 2009, ungeonekana ndani ya sekunde chache. Ngumi nyuma ya mgongo wa mwamuzi, kadi nyekundu kwa mtu asiye yeye, penalti ya dakika ya 90 kwa mchezaji aliyejiangusha: hapo video inaokoa timu, na inamwokoa mwamuzi pia, maana anarudi nyumbani bila kosa la kumfuata maisha. Inapoharibu ni kwenye sentimita.

Tupige hesabu ya kuotea. Kamera ya picha 50 kwa sekunde ina pengo la sekunde 0.02 kati ya picha na picha. Mshambuliaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde anasogea sentimita 14 katika pengo hilo. Beki akiwa anapanda mbele kwa mita 3 kwa sekunde kumtega, wanapishana kwa sentimita 20. Sasa mpira uliguswa lini hasa? Kinachohesabiwa kwenye pasi ya mguu ni mguso wa kwanza, na mguso huo unaweza kuangukia katikati ya picha mbili. Anayechora mstari anachagua picha moja, na chaguo hilo peke yake linaweza kula sentimita kadhaa. Kwa kamera ya picha 25, mara mbili yake. Ndipo utaelewa kwa nini Kombe la Dunia la 2022 Qatar waliweka kamera 12 chini ya paa zinazofuata pointi 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na kifaa ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Kile cha kwenye mpira ndicho kilichotibu tatizo la mguso. Mahali pasipo na kifaa hicho, mstari mwembamba kwenye skrini unaonyesha uhakika ambao picha haina. Na kumbuka mkono hauhesabiwi: mwisho wa bega ni usawa wa chini ya kwapa, na kwenye picha ya jezi pana, kwapa hilo ni la kukisia.

Kingine kinachoharibu ni mdomo. Septemba 30, 2023, Tottenham na Liverpool, Luis Díaz alifunga na uwanjani ikaamuliwa ni kuotea. Chumba kikaangalia kikaona hajaotea, ila kilidhani uwanjani wametoa goli. Kikasema ukaguzi umekamilika. Uwanjani wakaelewa kuotea kumethibitishwa, mpira ukapigwa. Chumba kilipogundua, ilikuwa imechelewa, maana mpira ukishaanzishwa upya sheria hairudi nyuma kwa jambo kama hilo. Kamera zote zilikuwa nzima siku hiyo. Tabia ya kuichukua hapo haihitaji hata redio: unapozungumza na msaidizi wako, taja uamuzi kabla ya maelezo. "Kuotea, namba 7" inatosha. Maneno kama "sawa", "poa", "imekaa" yana maana mbili, yaacheni kijiweni.

Halafu kamera zenyewe. Wapenzi wa Yanga hawahitaji kukumbushwa Pretoria, Aprili 5, 2024, shuti la Aziz Ki dhidi ya Mamelodi Sundowns lililogonga mwamba na kudunda chini. VAR ilikuwepo, goli halikutolewa. Watu wengi huchanganya VAR na teknolojia ya mstari wa goli, na ni vitu viwili. Ya pili, mfano wa Hawk-Eye, ina kamera 7 kwa kila goli na inatuma ishara kwenye saa ya mwamuzi ndani ya sekunde moja. VAR bila hiyo inategemea kamera zilizopo, na kama hakuna iliyokaa sawasawa na mstari, kila picha inadanganya kidogo kwa pembe yake. Hata hiyo ya mstari nayo hukosea: Juni 17, 2020, Aston Villa na Sheffield United, kipa alivuka mstari akiwa ameukumbatia mpira, na saa haikulia kwa sababu miili na nguzo vilizikinga kamera. Mechi ikaisha 0-0.

Na kuna kuharibika kabisa. Mechi ya marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mei 31, 2019 mjini Radès, Tunisia, goli la Wydad ya Morocco lilikataliwa, wakataka liangaliwe kwenye video, na video haikuwa inafanya kazi. Waligoma kuendelea na mechi haikumalizika. Itifaki iko wazi kwamba hitilafu ya VAR haibatilishi mechi. Kama siku moja utakuwa kwenye timu ya mechi yenye VAR, mitambo ikizima hakikisha manahodha na makocha wote wameambiwa kabla halijatokea tukio. Kwenye mji wa pwani kama huu, ambapo umeme huweza kukatika na hewa ya chumvi hula viunganishi vya nyaya, hilo si jambo la kufikirika tu.

Turudi kwenye zile tabia tatu.

Ya kwanza ni ya washika vibendera: kuchelewesha kibendera. Kwenye televisheni msaidizi anaacha shambulizi la wazi liishe ndipo anapandisha, kwa sababu goli likiingia kuna chumba cha kuangalia. Wewe huna chumba. Ukichelewesha bila VAR, kipa na mshambuliaji wanagongana kwenye mpira ambao ulishakufa, na ukipandisha baada ya goli mashabiki wanakufuata hadi kwenye mstari. Subiri tu hadi uwe na hakika kwamba aliyeotea ndiye anayeucheza mpira au anamwingilia mpinzani, kisha pandisha.

Ya pili ni kupeta kwa woga. Mwamuzi aliyezoea kuona makosa yakirekebishwa huanza kuacha maamuzi magumu yapite. Dawa yake ni miguu: uwe kama mita 15 kutoka kwenye tukio, kwa pembeni, si nyuma ya mchezaji. Pembe nzuri inashinda ukaribu.

Ya tatu ni simu. Mechi isiyo na VAR iliyoidhinishwa, huruhusiwi kubadili uamuzi kwa kuangalia video ya mtu, awe kamisaa, kocha au kijana wa jukwaani. Pale Mkwakwani, nyumbani kwa Coastal Union, mtu atakunyooshea simu juu ya uzio na kuapa. Usiitazame hata kwa udadisi. Ukiitazama mara moja, umefungua ofisi ya malalamiko. Simu ya kawaida yenye picha 30 kwa sekunde, kwa hesabu ileile ya juu, ina pengo la sentimita 33. Na mchezaji akikuchorea boksi kwa kejeli, ni kupinga uamuzi: njano.

Ila video kwa kujifunzia, itumie sana. Mpe mtu simu juu ya stendi imara, usawa wa mstari wa katikati, safu ya juu kabisa unayoweza kufika, ikilala kwa upana, picha 60 kwa sekunde kama inazo. Asivute karibu. Ageuze taratibu, mpira na beki wa pili kutoka mwisho wabaki kwenye picha. Usiku huohuo, tazama kila tukio mara moja kwa kasi ya kawaida, simamisha, andika ungeamua nini, ndipo urudie. Ukianza na marudio utajidanganya kwamba uliona. Kisha jiulize ulisimama wapi, kabla ya kujiuliza kama ulipatia.

Ripoti ya mechi iandike kabla ya kuangalia video hiyo. Dakika, namba ya jezi, kosa, ulikosimama, ulichokiona. Klipu ikija baadaye kwenye kundi la WhatsApp ikaonyesha ulikosea, ripoti inabaki kama ilivyo, na kosa unalipeleka kwa mkufunzi wako kwenye mazoezi yanayofuata.