Chupa za Maharagwe Zimevimba: Je, Tuongeze Muda wa Kuchemsha?

SWALI: Kwako Mshauri wa Chakula. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Njoro. Baada ya mavuno tulipika maharagwe, tukayatia pamoja na supu yake katika chupa za kioo, tukafunga vifuniko na kuzichemsha ndani ya sufuria kubwa kwa saa mbili. Sasa ni wiki ya tatu na vifuniko vinne vimevimba. Chupa nyingine zinaonekana salama. Baadhi yetu wanataka tuongeze muda uwe saa tatu, na wengine wanataka zile nzima ziuzwe sokoni. Tufanyeje? (Katibu wa kikundi, Njoro, Kaunti ya Nakuru)

JIBU: Dada Katibu, ninawasihi msiuze hata chupa moja, wala mtu asifungue yoyote kwa ajili ya kuonja. Chupa zote zilipitia moto ule ule, kwa hiyo zile ambazo hazijavimba hazina ushahidi wowote wa usalama. Sumu ninayoihofia inaweza kuwamo katika chakula kisichonuka wala kubadilika rangi.

Udongoni huishi bakteria wasiohitaji oksijeni, na anayeogopwa zaidi miongoni mwao ni Clostridium botulinum. Mazingira yakiwa magumu, yeye hujifungia katika umbo gumu liitwalo spora na kutulia, kama punje kavu ya maharagwe inayokaa guniani mwaka mzima bila kuota, hadi siku itakapopata maji. Maji yanayochemka huua bakteria walio hai, lakini spora hizi huweza kuyastahimili kwa saa kadhaa. Isitoshe, Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za selsiasi, si 100. Mlipochemsha chupa zenu, mliwaondoa bakteria wengine ambao wangeshindana na spora, mkaifukuza hewa, na kifuniko kikaziba kisawasawa. Maharagwe nayo yana uasidi mdogo na maji tele. Spora ilipata kila ilichokuwa ikikingojea ili iote na kutengeneza ile sumu.

Saa ya tatu haitawasaidia. Viwanda vya makopo hupeleka joto hadi nyuzi 121, likafika katikati kabisa ya kopo na kudumu hapo kwa dakika zisizopungua 3, na joto hilo halipatikani bila mvuke wenye presha. Msikimbilie sufuria ya presha ya nyumbani mkidhani ni kitu kile kile: haikuundwa wala kupimwa kwa kazi hii, na hewa ya Nakuru ikiwa nyepesi, mshale wa geji ukisoma kipimo kile kile kinachosomwa Mombasa, joto la ndani huwa chini kuliko la huko.

Ningekuwa mwanakikundi, ningeuza maharagwe yakiwa makavu na kuzitumia chupa kwa achari. Botulinum haoti mahali ambapo pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka uasidi unapozidi) ni 4.6 au chini yake, kwa hiyo kabichi, karoti na pilipili zilizotiwa siki ya kutosha humnyima nafasi kabisa. Lakini uasidi usikisiwe kwa ulimi. Ponda mboga pamoja na maji yake siku moja au mbili baada ya kutia siki, ikishapenya hadi ndani ya vipande, kisha upime. Idara ya teknolojia ya vyakula ya Chuo Kikuu cha Egerton iko hapo hapo Njoro. Nendeni mkaulize kuhusu vipimo kabla ya kuanza safari ya kutafuta kibali cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Chupa mlizo nazo zitieni katika gunia imara bila kuzifungua, mkiwa mmevaa glavu, mzifukie katika shimo refu ambalo mbwa na kuku hawawezi kulifukua. Iwapo kuna aliyekwisha kula, akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo na daktari aambiwe kuhusu maharagwe. Dalili huanza mara nyingi kati ya saa 12 na 36, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Baadaye misuli ya kupumua hulegea pia, na dawa ya kuzuia sumu hufaa zaidi ikitolewa mapema.

SWALI: Mama hunitumia kumbikumbi kwa basi kutoka Kakamega, wakiwa wamefungwa katika mfuko wa plastiki. Je, kuna hatari? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Ipo. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha taarifa ya watu waliopata sumu ya botulinum hapa Kenya baada ya kula kumbikumbi. Mdudu huyu hutoka ardhini, na akifungiwa akiwa mbichi, unyevu na joto la safari hufanya mfuko ufanane na chupa za Njoro. Mwombe mama awakaange mara tu wanapokamatwa, awaanike juani hadi wavunjike kwa sauti wakibanwa kati ya vidole, kisha awafunge katika karatasi. Wakikufikia wakiwa na unyevunyevu, usiwakaange upya ili kuwaokoa, watupe.