Blogu mpya na mitandao: maswali yenu

Nimehamia jukwaa jipya la blogu. Nikibandika kiungo kwenye grupu la WhatsApp kinatoka kikavu, hakina picha. Wakati mwingine inatoka picha niliyokwisha kuibadilisha. (Muuza vitenge, Kariakoo)

Hayo ni matatizo mawili, dada. Kile kisanduku cha picha na kichwa cha habari huandaliwa na simu ya anayetuma, si ya anayepokea. Ukibandika na kutuma papo hapo, hasa mtandao ukisuasua, simu inakuwa bado haijavuta picha. Bandika, subiri kisanduku kitokee juu ya sehemu ya kuandikia, ndipo utume. Kisipotokea kabisa, kagua picha kuu ya chapisho: pikseli 1200 kwa 630, na isizidi kilobaiti 300. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na megabaiti kadhaa. WhatsApp huiacha, na wateja wako inawamalizia bando. Hakikisha pia chapisho si rasimu wala halina nywila.

Ile picha ya zamani inatokana na nakala iliyohifadhiwa kiungo kiliposomwa mara ya kwanza. Kwa Facebook, fungua Sharing Debugger, zana ya Meta (wenye Facebook) ya kukagua viungo, weka anuani, bonyeza Scrape Again. WhatsApp haina kitufe hicho, kwa hiyo ongeza ?v=2 mwishoni mwa anuani; itausoma kama ukurasa mpya na kitenge cha mwezi jana kitaondoka.

Mbona blogu haijitumi yenyewe kwenye akaunti yangu ya Facebook? (Sinza)

Facebook ilifunga mlango huo kwa akaunti binafsi Agosti 2018. Fungua Ukurasa (Page) wa Facebook, unganisha huo. Instagram nayo inataka akaunti ya biashara au ya mtayarishaji, na kiungo ndani ya maelezo ya picha hakibonyezeki hata ukikiandika mara kumi. Kiweke kwenye wasifu.

Nitangaze blogu kwenye X (zamani Twitter) peke yake? (Kimara)

Hapana. X ilizuiwa nchini Mei 2025, na waliokuwa wametundika kila kitu huko walibaki wanahangaika. Weka fomu ya barua pepe kwenye blogu tangu siku ya kwanza.

Nina blogu ya Blogger ya miaka mingi. Nitaijaribuje WordPress, jukwaa jingine la blogu, bila kuharibu? (Mbagala)

Usifute kitu, kaka. Pakua nakala ya Blogger kwanza, ila ujue faili hilo hubeba maandishi na maoni. Picha zimo kama anuani tu, zenyewe zimebaki Google. Ukiifuta blogu ya zamani mapema, picha zinaweza kupotea. Ingiza faili upande mpya, fungua machapisho matano yenye picha nyingi uyakague. Wakati huo wote washa, kwenye blogu mpya ya WordPress, mpangilio wa kuzuia injini za utafutaji, maana makala ileile kwenye anuani mbili huichanganya Google. Kama unatumia jina lako la .co.tz, wasomaji watahama nawe. Anuani ya blogspot haihamishiki.

Mastodon inaunganishwaje? (Tegeta)

Mastodon ni mtandao wa kijamii ulio kwenye seva (kompyuta) nyingi za watu mbalimbali. WordPress ina programu-jalizi (nyongeza) ya ActivityPub, lugha inayounganisha seva hizo, na Ghost, jukwaa jingine la blogu, imeiweka ndani tangu toleo la 6 la 2025. Mtu wa Mastodon anaifuata blogu kama anavyomfuata mtu, na kwa WordPress jibu lake linaingia kama maoni. Soma chapisho mara mbili kabla ya kulitoa: nakala zake hukaa kwenye seva za watu wengine, na ukilifuta, ombi la kufuta linatumwa lakini si kila seva italitii.