Shimo la maji kwanza: ushauri kwa anayetaka kuchonga sinki za mawe

Sinki yangu ya tatu ilipasuka siku ya tano ya kazi. Nilikuwa nimeshachimba bakuli lote, nimelainisha kuta mpaka kiganja kinateleza, na kilichobaki ni kitu kimoja tu, shimo la kutolea maji. Nikachukua drili, nikaiacha kwenye mpigo wa nyundo vilevile kama ninavyotoboa ukuta wa zege, nikaiegemea. Hapakuwa na mlio mkubwa. Nilisikia "tik", kama kijiti kikavu kimevunjwa, kisha nikaona mstari mwembamba kama unywele umetoka kwenye shimo, umepita kwenye kitako, umeishia konani. Nilimwaga maji nikapangusa. Jiwe lote lilikauka, ila ule mstari ukabaki mweusi.

Siku tano za grinda zikaishia kuwa ngazi ya kupandia karakanani kwetu. Ipo hadi leo, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu naanza naye hapo: jambo lolote linaloweza kulipasua jiwe, lifanye mwanzo, kabla hujalimwagia jasho lako. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye neno hilo.

Mimi nafanyia kazi Mwanza, na Mwanza mawe si kitu cha kutafuta. Ukitoka mlangoni unakutana na granaiti, milimani, njiani, hata ziwani. Lakini wingi huo umewaponza mafundi wengi, maana mtu anaona jiwe zuri pembeni mwa njia, analiviringisha hadi karakanani na kuanza kukata. Jiwe lililokaa juu ya ardhi limepigwa jua na mvua miaka isiyohesabika. Ganda lake la nje limelegea, linamenyeka kwa tabaka kama kitunguu, na maji yameshapenya ndani. Nakushauri uchukue kipande cha ndani, pale ambapo rangi ni moja na ukikwangua kwa msumari hakitoki kitu.

Halafu uliza limepasuliwaje. Wenzetu wanaoponda kokoto wengi hulainisha mwamba kwa moto. Wanawasha kuni au matairi juu yake, mwamba unapata moto mkali, unapasuka vipande. Kwa kokoto hiyo haina shida. Kwa sinki ni sumu. Ndani ya granaiti kuna kwatzi, zile chembe za kung'aa kama vioo, na kwatzi ikifika nyuzi 573 za Selsiasi hubadilika na kuvimba ghafla. Hata joto la chini ya hapo huacha nyufa ndogo zisizoonekana, kwa sababu kila aina ya chembe iliyomo huvimba kwa kiasi chake. Utakata, utang'arisha, utamfungia mteja, na miezi baadaye anakupigia simu kwamba sinki inatoa jasho chini. Nunua jiwe lililopasuliwa kwa kabari: linatobolewa mstari wa matundu, kila tundu linatiwa kabari kati ya vibati viwili vya chuma, zinagongwa moja baada ya nyingine taratibu mpaka jiwe lenyewe liachie. Utalitambua kwa nusu-matundu yaliyobaki ukingoni.

Ukishalileta nyumbani, lipime kwa njia mbili. Liweke juu ya mbao mbili, uligonge kwa nyundo ndogo sehemu mbalimbali. Jiwe zima linalia kama kengele, lenye ufa linajibu kwa sauti butu, kama unagonga gunia. Kisha limwagie maji lote, ulipanguse, ukae nalo kivulini. Lisimamie mpaka likauke, usiende kunywa chai. Uso ukishakauka, ufa wowote utabaki umelowa, mstari mweusi kwenye jiwe jeupe. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiniambia, "Kijana wangu, jiwe likikauka ndipo linasema." Nimekataa mawe mengi kwa kipimo hiki, mengine nilikuwa nimeshayalipia, na sijajuta hata moja.

Sasa hesabu ya uzito, maana watu wanaidharau. Granaiti ina uzito wa karibu tani 2.7 kwa mita moja ya ujazo. Kipande cha sentimita 50 kwa 40, kimo 15, ni kilo 81. Ukichimba bakuli la 42 kwa 32, kina 11, umetoa karibu kilo 40. Inabaki sinki ya kilo 41 hivi, yenye kuta na kitako cha sentimita 4. Ongeza maji ndoo moja na mtu mzima anayeegemea akipiga mswaki. Kabati za mbao nyembamba za dukani haziwezi mzigo huo. Kwa hiyo kabla sijashika nyundo naenda kwa mteja, natazama sinki itakaa juu ya nini. Kama hakuna tofali au jukwaa la zege, namwambia ajenge kwanza. Mmoja aliniona nasumbua, akampa kazi fundi mwingine. Ni bora hivyo kuliko jiwe la kilo 41 kumwangukia mtoto mguuni.

Tena nunua westi, kile kifaa kinachofungwa kwenye shimo la kutolea maji, kabla ya kukata, uwe nayo mkononi. Zile za madukani zimetengenezwa kwa sinki za udongo ambazo kitako chake ni chembamba. Ukiacha kitako cha sentimita 4 au 5, huenda uzi wa westi usifike upande wa pili na nati ikakosa pa kushika. Hapo utalazimika kukwangua chini ya shimo, kulizunguka, mpaka nati ipate nafasi. Ni rahisi kulifanya hilo jiwe likiwa bado bonge kuliko likishakuwa bakuli. Na chukua westi isiyo na tundu la pembeni. Lile tundu ni la kupokea maji ya ziada kutoka kwenye kitobo cha juu cha sinki za udongo, na sinki ya jiwe kwa kawaida haina kitobo hicho. Bomba nalo, lile la kusimama juu ya sinki, kwa kawaida linataka tundu la milimita 35, na shingo yake haipendi jiwe nene. Lipime vilevile.

Hapo ndipo unatoboa. Jiwe bado ni zima, zito, limetulia, halina pa kuyumba. Kwa sinki ya kunawia mikono natumia biti ya duara ya almasi ya milimita 45. Ya jikoni huwa milimita 90. Zima kabisa ule mpigo wa nyundo, biti izunguke tu. Anza ukiwa umeinamisha biti kidogo ili iume upande mmoja isiteleze, ukishapata mfereji inyooshe polepole. Maji yasikatike. Zungushia udongo wa mfinyanzi kuwa kibwawa kidogo, ujaze maji, biti ifanye kazi imezama. Ukiona maji yanatoka meupe kama maziwa, mambo yanaenda. Yakikauka ukasikia sauti kali, simama. Ukifika katikati geuza jiwe, umalizie upande wa pili, la sivyo biti ikitokeza chini itang'oa pande kubwa. Na kama jiwe lina dhambi iliyojificha, itajitokeza hapa, ukiwa umepoteza saa mbili badala ya siku tano.

Shimo likishapita, kuchimba bakuli ni subira zaidi kuliko nguvu. Chora umbo kwa chaki, pembe zote ziwe za mviringo. Kona kali hata grinda haifiki, na ndipo ufa unapopenda kuanzia. Kwa diski ya almasi ya milimita 115 unapata kina cha sentimita 3 tu, kwa hiyo utashuka kwa tabaka nne. Kata mistari sambamba ya kuachana sentimita 2, uache vipande vyembamba vimesimama kama kurasa za kitabu. Weka tindo chini ya kipande, gonga kwa upande, kitaachia chenyewe. Usigonge kuelekea chini, unapeleka mshtuko kwenye kitako. Sentimita ya mwisho usiikate wala kuigonga, isage kwa kikombe cha almasi, lile gurudumu la kusagia linalofungwa kwenye grinda. Kina cha kuta kianzie 10 na kishuke polepole hadi 11 shimoni. Ule mteremko wa sentimita moja ndio unaozuia maji ya sabuni kulala na kuacha alama.

Kung'arisha nitasema kwa ufupi. Pedi za kusugulia zinakwenda kwa namba, kutoka ile ya kukwaruza sana hadi laini kabisa: 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000, na hakuna kuruka hata moja. Kabla ya kila pedi piga mistari ya penseli uso mzima, usage mpaka ifutike yote. Mkwaruzo wa pedi ya 50 ukiuacha, hutauona jiwe likiwa na maji. Litakauka, jua la jioni litaingia kwa upande, na utauona pale, mfupi, umejikunja kama kucha. Utarudi mwanzo. Kwa sinki ya bafuni mimi naishia 400. Jiwe lisilong'aa sana halionyeshi sana madoa ya maji, na mkono unalipenda. Kumbuka grinda ya kawaida inazunguka mara 11,000 kwa dakika, mwendo ambao unaunguza pedi. Tafuta ile yenye kupunguza kasi.

Nataka nikae kidogo kwenye vumbi, kwa sababu hili limewaondoa watu ninaowajua. Ile kwatzi niliyoitaja, ikisagwa kavu, hupaa kama unga mwembamba usioonekana kwa macho. Ukiuvuta unakwenda mpaka chini kabisa ya mapafu, mapafu yanaota makovu, na makovu hayo hayana dawa. Mwenye ugonjwa huu hushikwa na kifua kikuu kirahisi zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka vumbi hili kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1997. Mzee wangu alikata mawe kavu ujana wake wote, akijifunga kitambaa puani. Miaka yake ya mwisho alikuwa anapumzika mara tatu kutoka kitandani hadi barazani.

Kwa hiyo kata na maji, siku zote. Mimi natumia lile bomba la kupulizia dawa shambani: kijana mmoja anashika, anaelekeza maji pale diski inapouma. Vaa barakoa ya N95 au zaidi, iliyokukaa vizuri, maana kitambaa hakizuii kitu. Usifagie karakana kavu, mwaga maji kwanza. Nguo za kazi vua hukohuko, usimpakate mtoto ukiwa nazo. Na kwa kuwa umeme na maji vinakutana, funga ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Kama huna, usianze kazi hii mpaka uipate. Nasema hivyo kwa moyo wote, najua bei yake, na najua bei ya msiba.

Anayeanza kabisa, granaiti si mwalimu mpole. Ningekushauri uanze na jiwe la sabuni. Kutoka kwetu unavuka mpaka wa Kenya pale Sirari, unapita Migori, unafika upande wa Kisii, mahali panaitwa Tabaka, ambako watu wanachonga vinyago na bakuli za jiwe hilo tangu enzi. Ni laini, panga na tupa vinatosha, na wenzetu kule hupiga msasa jiwe likiwa limelowa majini. Limao halilidhuru. Litakwaruzwa kirahisi, ndiyo, lakini mkwaruzo unaufuta mwenyewe kwa msasa na maji. Acha kuta nene kidogo tu, sentimita 5. Marumaru ni nzuri kwa macho, ila limao, siki na hata dawa ya kusafishia choo huila ikabaki na madoa yasiyong'aa, kwa hiyo jikoni siiweki. Ukitaka kujua jiwe ulilopewa ni la aina gani, dondoshea limao mahali pasipoonekana, uache dakika kumi. Pakibadilika, umeshajua.

Wakati wa kufunga westi, mwambie fundi bomba asitumie ile pati laini ya mafuta ya kuzibia waliyozoea. Mafuta yanapenya kwenye jiwe na kuacha duara jeusi lisilotoka. Tumia silikoni, na kwa marumaru chagua isiyonuka siki. Granaiti ipake dawa ya kuziba vinyweleo ikiwa imekauka kabisa, siku mbili tatu kivulini baada ya maji ya mwisho. Dondoshea tone la maji: likisimama kama shanga, imeshika; likizama na kuacha giza, rudia.

Na usiipeleke kwa mteja siku hiyohiyo. Iweke juu ya matofali manne, funga westi, jaza maji hadi juu. Chini yake tandaza gazeti kavu, ulale. Asubuhi ukilikuta gazeti halina hata doa, mpigie simu.