Maswali kwa Fundi: Baiskeli ya kuzalisha umeme, au kapu la sufuria?

Swali: Shikamoo Fundi. Bili ya umeme imenizidi nguvu. Nina baiskeli kuukuu isiyo na tairi la nyuma. Nataka niifunge kwenye fremu, niiunganishe na dainamo na betri, kisha mimi na wanangu wawili wakubwa tuwe tunaikanyaga kwa zamu kila jioni. Nyumbani tunapikia jiko la umeme, na maji ya kuoga tunachemsha kwa umeme pia. Je, tutajitosheleza? (Baba wa watoto watatu)

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nilijenga baiskeli ya namna hiyo nilipokuwa kijana katika ufundi umeme, nikaikanyaga miezi kadhaa. Kwa hiyo ninayokuambia nimeyapima kwa miguu yangu mwenyewe.

Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, hutoa kama wati 75 hadi 100 akikanyaga saa nzima bila kupumzika. Tuseme wewe una nguvu na umetoa wati 100. Saa ikiisha umezalisha sehemu moja ya kumi ya uniti, na hapo bado hatujatoa kinachopotea kwenye dainamo na betri. Sasa chukua lita moja ya maji ya nyuzi joto 20, uyachemshe. Yatakula karibu nishati hiyo yote. Jasho lote la saa moja ni lita moja ya maji yanayochemka. Ndoo ya kuoga ya lita 15, hata ukiitaka ya uvuguvugu wa nyuzi 40 tu, itakudai saa tatu na nusu za kukanyaga. Hapo mtu mmoja tu ndiye ameoga.

Lakini usiitupe baiskeli. Saa hiyohiyo moja, hata baada ya hasara za betri, inawasha balbu ya LED ya wati 5 kwa saa 12 au zaidi, au inachaji simu nne. Mwanga na simu vinahitaji umeme kidogo sana. Joto ndilo linalomeza uniti zako, na joto usilitafute kwenye pedali. Anzia jikoni.

Angalia kwanza unavyochemsha. Wengi wetu tumezoea kwamba moto ukiwa mkali chakula huiva upesi. Maji yakishachemka hayapandi tena joto: ni nyuzi 100 usawa wa bahari, na pungufu kidogo milimani. Unachoongeza juu ya hapo kinageuka mvuke na kutoka dirishani. Na mvuke una gharama kubwa: kukausha lita moja ya maji ambayo tayari yanachemka kunahitaji zaidi ya mara 6 ya nishati iliyoyachemsha kutoka nyuzi 20. Kwa hiyo funika sufuria, na ikianza kutokota punguza moto mpaka uone mapovu madogo tu. Chakula kitaiva kwa muda uleule.

Kisha tengeneza kapu la joto. Nikilazimika kuchagua kifaa kimoja tu cha kukupa, nitakupa hiki, na sijui kwa nini hakipo katika kila nyumba. Si kitu kipya; sanduku la namna hii lilioneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867. Tafuta kapu au boksi linaloizidi sufuria yako kwa sentimita 10 kila upande. Jaza nyasi kavu, matambara au blanketi kuukuu, chini na pembeni, ukiacha shimo la sufuria. Juu weka mto mnene unaoziba vizuri, maana joto hukimbilia juu.

Mimi hulitumia zaidi kwa maharage. Nayaloweka usiku, asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya na kubandika. Yakianza kutokota kwa nguvu nahesabu dakika 15, kisha naepua bila kugusa kifuniko na kutumbukiza sufuria kwenye kapu. Nikiliweka saa moja asubuhi, saa sita mchana yameiva, na moto ulizimwa zamani. Mara ya kwanza niliona shaka, nikafungua mara tatu kuchungulia, na mchana yalikuwa bado magumu. Usifungue. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka.

Mambo mawili usiyapuuze. Maharage mekundu yana sumu inayoharibika kwa mtokoto wa kweli, si kwa uvuguvugu. Zile dakika za mwanzo zisipungue 10. Na chakula kikitoka kapuni kimepoa, kiasi kwamba hakikuunguzi, kirudishe motoni kichemke tena kabla ya kula.

Maji ya kuoga yaachie jua. Mchana wa anga safi, mita moja ya mraba iliyolielekea jua hupokea karibu wati 1,000, yaani nguvu ya wakanyagaji 10 kama wewe. Ndoo nyeusi yenye kifuniko, ndani ya sanduku lililofunikwa kioo, iweke palipo na jua tangu asubuhi. Alasiri watoto waogeshwe kabla jua halijashuka.

Swali: Fundi, napikia kuni na moshi unaniumiza macho. Ninunue jiko gani? (Dada wa jikoni)

Jibu: Dada, kabla ya kununua jiko, tazama kuni zako. Kuni mbichi zinaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na moto wako unaanza kazi kwa kuyakausha hayo. Ndiyo moshi unaouona. Zipasue nyembamba, zipange juu ya mawe zisiguse ardhi, juu zifunikwe na pembeni upepo upite, ukae miezi sita au zaidi. Kuni mbili kavu zikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Jiko utakalonunua liwe na nafasi ya hewa kuingia chini ya kuni. Na usiingize mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa ili kupata joto. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Swali: Nina ng'ombe mmoja. Samadi yake itanitosha gesi ya kupikia? (Mfugaji mdogo)

Jibu: Ukikusanya kilo 10 kwa siku, tarajia moto wa plati moja kwa takriban saa moja. Pamoja na kapu nililoeleza hapo juu, saa hiyo inafika mbali. Changanya samadi na maji kwa kipimo sawa, koroga mabonge yaishe, na uwe mvumilivu wiki za mwanzo. Gesi ya kwanza kutoka haiwaki vizuri kwa sababu ina kaboni dioksidi nyingi na hewa iliyobaki ndani ya mtambo. Itoe ukiwa nje, mbali na moto wowote, kisha funga valvu usubiri ijae tena ndipo ujaribu kuwasha.