Usipange Hamburg, panga Brunsbüttel

Dada, umeuliza kama upange Hamburg halafu uwe unakwenda Brunsbüttel, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, kila siku kujifunza kazi kiwandani. Nakuomba usijitese hivyo. Brunsbüttel haina treni ya abiria. Utashuka mji wa Itzehoe, kisha udandie basi. Zamu ya alfajiri utaiwahi saa ngapi?

Panga hapohapo mjini, ila kabla ya kusaini mkataba uliza kiwanda kiko ng'ambo ipi. Mfereji wa Kiel, uliofunguliwa 1895, unaugawa mji pande mbili. Kivuko ni bure, usiku na mchana, hata ukiwa na gari. Lakini meli kubwa ikitoka kwenye malango ya maji, yale yanayoipandisha au kuishusha meli kati ya mto na mfereji, kivuko husubiri ipite. Jiachie dakika za ziada.

Ni mji mdogo, kama watu elfu kumi na tatu hivi, na jioni kimya kinaweza kukulemea. Mimi hushuka kwenye malango nikatazame meli ikiingia taratibu kutoka mto Elbe, mabaharia wakitupa kamba, ubavu wa chuma umekaribia ukuta kabisa. Nunua koti lisilopitisha upepo, dada yangu. Mwavuli hausaidii kitu huku.