Pasua tunda kwanza, dawa baadaye

Msimu wangu wa pili wa plamsi huku milimani Lushoto nilipuliza dawa mara sita. Nilikuwa na miti arobaini na kitu ya plamsi, kumi na moja ya pichi (fyulisi, kwa wale wa kamusi), na bomba la mgongoni nililonunua kwa mkopo. Januari nikashusha matenga manne sokoni Mombo nikijiona mkulima. Mama mmoja mchuuzi akaokota plamsi nyekundu, nzuri kwa macho, akaipasua kwa kidole gumba mbele ya wenzake. Funza mweupe akajikunja, akaruka, akatua kwenye kanga yake. Hakugomba wala hakucheka. Alilirudisha tunda kwenye tenga akaenda kwa muuzaji wa peasi.

Mwenye duka la pembejeo alikuwa ameniuliza swali moja tu: "Wadudu wa matunda?" Nikaitikia, akanipa chupa. Na mimi sikuwa nimepasua hata tunda moja nijue yumo nani ndani.

Basi wewe unayeanza, anzia kwenye kisu. Okota matunda ishirini yaliyoanguka, chuma na kumi ya mtini, kaa chini upasue moja moja. Inzi wa matunda huacha alama ndogo kama ya ncha ya sindano. Kwenye plamsi utaiona ukiliinamisha tunda juani, kwenye pichi manyoya huificha, ila mara nyingi hapo hutoka tone la utomvu mwangavu kama gundi. Pakibonyezwa panabonyea. Ndani kuna funza asiye na miguu, mbele amechongoka, na kichwa hukioni. Ukikuta mdudu mwenye kichwa cha kahawia na vijiguu, mwenye rangi ya waridi akikomaa, aliyechimba kuelekea kwenye kokwa na kuacha kinyesi kama chenga za kahawa, huyo ni kiwavi wa nondo. Hawa wawili hawatibiwi kwa njia moja.

Tunda lililopinda, lenye kovu gumu kama gome, lilifyonzwa na kunguni wa mimea lingali changa. Nyama yake ni nzima, mtu wa jamu atalichukua. Shimo pana lenye kingo zilizochanika ni la ndege. Nyuki je? Jirani yangu aliwachomea moto nyuki akidhani ndio wezi. Nyuki hatoboi ganda zima, anafuata sukari palipokwisha tobolewa. Ukimwona kwenye plamsi, tafuta aliyemtangulia.

Kama bado una shaka, fanya nilivyofanya mimi. Weka matunda yenye alama kwenye ndoo yenye mchanga mkavu wa vidole viwili, funika kwa kipande cha chandarua, funga kwa mpira. Siku chache baadaye utaona funza wakitoka na kuzama mchangani. Chekecha mchanga upate vidonge vya kahawia vidogo kuliko punje ya mchele: hizo ni pupa, yaani funza anayegeuka kuwa inzi. Subiri. Joto likiwapo wiki mbili zatosha, huku kwetu kwa baridi ni zaidi. Kisha inzi atatoka mwenyewe akujulishe jina lake.

Wangu walitoka wenye mabawa ya madoadoa na mistari ya kahawia na manjano, wafupi kuliko inzi wa nyumbani. Hao ni jamii ya Ceratitis, wenyeji wa Afrika tangu zamani. Yule mwembamba, anayefanana na nyigu, mwenye michirizi ya manjano mgongoni na bawa angavu lenye ukingo mweusi, ni Bactrocera dorsalis, mgeni wa kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Maembe ya bondeni anayajua sana huyo. Ukidhani najionyesha kwa majina ya kisayansi, sikiliza hili: mtego niliouziwa ulikuwa na chambo cha methili yujeno. Kile huvuta madume ya Bactrocera, Ceratitis hawa wangu hawana habari nacho. Mtego ukakaa mtupu mwezi mzima, nikajisifu shamba langu ni safi, na huku juu ya mtego wenyewe plamsi zinadungwa. Kwa Ceratitis hawa wa matunda, uliza chambo cha trimedluri. Na chambo cha dume kinakupa habari zaidi kuliko kinga, maana anayedunga ni jike.

Jike anataka protini ili mayai yakomae, na hapo ndipo pa kumkamatia. Kuna chambo cha protini kilichochanganywa na dawa, unapuliza eneo la kama mita moja ya mraba kwenye majani ya kila mti, tena si kwenye tunda, kila wiki, kuanzia matunda yanapokaribia kubadilika rangi. Mvua ikiosha, rudia. Soma kibandiko, uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ninayopuliza juu ya ganda haimfikii funza aliye ndani ya nyama, na ndiyo sababu mara zangu sita zilikwenda bure.

Lakini kazi kubwa iko chini ya mti, na ndiyo inayochosha wengi. Kila tunda lililoanguka ni kitalu: funza hutoka, huzama udongoni sentimita chache, hurudi akiwa inzi, na jike mmoja hutaga mayai mamia. Okota kila siku ya pili, asubuhi, kabla ya shughuli nyingine. Kufukia juu juu ni kuwasaidia. Chimba nusu mita au zaidi. Mimi nimeacha kuchimba. Natia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nafunga kabisa, nauacha juani siku kadhaa mpaka ndani pachemke. Ukifungua mapema utajuta, harufu yake haielezeki. Wale wanaotupa matunda mabovu kwenye shimo la mbolea lililo wazi, hao wanafuga.

Kuku waachie waparue chini ya miti baada ya mavuno. Miti miwili mitatu ya pichi bora unaweza kuvisha matunda yake mifuko ya gazeti yangali mabichi. Kwa shamba zima utazeeka.

Kilichobaki ni mpaka wako na jirani. Mwaka ule nilipookota kila kitu bado nilidungwa upande wa mashariki, nikapanda kwenda kuangalia: mpera mkubwa wa bibi jirani, mapera yametapakaa, na nyuma yake mibuni yenye buni zilizoiva. Inzi hawa hula vyote viwili, kwa hiyo msimu wangu ukiisha wana pa kukaa hadi mwingine uanze. Nilimwendea na shikamoo yangu, nikapasua pera mbele yake kama nilivyopasuliwa mimi plamsi Mombo. Akatazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiyo haya tunayokula." Tulikubaliana wajukuu zake waokote mapera kwa mifuko yangu, nami nimpe sado moja ya plamsi kila wiki ya mavuno. Sado yenyewe huwa anajaza hadi kilele.