Kuhusu mawazo ya kuwa na mkosi

Dada yangu, Bwana Yesu asifiwe. Umeeleza kwamba tangu mvua ilipoharibu dagaa uliokuwa umewaanika pale Kibirizi, Kigoma, kila uamkapo unajiambia kuwa una mkosi na Mungu amekuacha, na unauliza iwapo mawazo hayo ni dalili ya imani haba.

Sidhani hivyo. Katika Zaburi ya 42 mwimbaji anaiuliza nafsi yake kwa nini inainama na kufadhaika, kisha anaiambia imtumaini Mungu. Maana yake hata mtu wa sala alifadhaika, ila hakuiachia huzuni iseme peke yake. Nawe wazo hilo likija, litenganishe na tukio lenyewe, tena kwa kutamka. Mvua ilinyesha, dagaa wakaoza, mtaji ukapungua: hayo ni kweli, na yanauma. Kwamba Mungu amekuacha ni hukumu uliyoiongeza wewe, nayo mpelekee Yeye katika sala jinsi ilivyo, bila kuipamba.

Soma pia habari za nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Alipoomba afe hakukemewa. Alilala, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa kula mara ya pili, ndipo akaweza kusafiri hadi Horebu, mlima wa Mungu. Kwa hiyo, tafadhali, usifunge kula wakati huu. Na ikiwa usingizi umekukimbia kwa majuma kadhaa, au unawaza kujidhuru, nenda Hospitali ya Maweni hapo Kigoma bila kuchelewa, ukimwomba mama mmoja wa jumuiya yenu akusindikize.